Gari la Urithi: Jinsi ya Kulifufua Bila Kulimaliza

Huenda umewahi kuliona. Bodi imepandishwa juu ya mawe, injini iko kona ya stoo chini ya gunia, milango imeegemezwa ukutani, na kuna ndoo ya bolti zilizoshikana kwa kutu ambazo hakuna ajuaye zilitoka wapi. Ukiuliza, utajibiwa: "Tulianza kulitengeneza." Gari lile lilipoachwa na mwenyewe lilikuwa bovu, lakini kila kitu kilikuwa mahali pake. Aliyelifikisha pale alilipenda sana, akafungua vyote kwa mwezi mmoja, kisha maisha yakamwita kwingine.

Mwongozo huu ni wa mtu aliyeachiwa gari la zamani na mzazi, babu au mjomba, ambaye si fundi kwa kazi, ana Jumamosi chache mkononi, na anataka siku moja aliendeshe. Utaratibu wake mzima unasimama juu ya sharti moja: usifungue kitu kipya kabla hujafunga ulichokwisha kufungua. Kwanza injini iwake, kisha gari liweze kusimama kwa breki, kisha kutu, na rangi mwisho kabisa. Najua wengi huanza na rangi. Ndiyo inayoonekana, na ndiyo ambayo jirani husifu. Lakini rangi mpya juu ya gari lisilowaka ni sanda tu.

1. Kabla ya spana: familia na karatasi

Gari la urithi lina wenyewe. Hata kama marehemu alisema kwa mdomo kwamba ni lako, kaa na warithi wenzako, mkubaliane, muandikishane. Ndugu aliyenyamaza miaka yote gari likiota majani atakumbuka kwamba naye ni mtoto wa baba siku litakapong'aa. Si ubaya wake, ndivyo binadamu tulivyo. Maliza jambo hilo wakati gari bado halina thamani machoni pa watu.

Tafuta kadi ya usajili na ulinganishe namba ya chesisi iliyoandikwa humo na ile iliyogongwa kwenye gari lenyewe. Mara nyingi utaikuta kwenye kibati kilichopigwa ribiti ndani ya boneti, au imechongwa moja kwa moja kwenye chesisi. Namba ya injini ikitofautiana na kadi usishtuke, kwani magari mengi ya umri huo yamewahi kubadilishwa injini. Ila hakikisha badiliko hilo linasajiliwa. Na kama gari bado liko kwa jina la marehemu, anza kuhamisha umiliki leo, maana karatasi zinaweza kuchukua muda mrefu kuliko breki.

Kuna kazi nyingine ya kufanya mapema ambayo hakuna kitabu cha fundi kitakachokutajia: kaa na watu waliolijua gari hilo likiwa hai. Muulize mama, shangazi, au yule mzee aliyekuwa akililalia chini, lilikuwa na tabia gani. Lilichemka mlimani? Gia ya pili ilikuwa ikiruka? Kile kiswichi kilichofichwa chini ya dashibodi ni cha nini? Majibu yaandike kwenye daftari gumu, si kwenye vipande vya karatasi. Daftari hilo utakuwa nalo mpaka mwisho.

2. Siku ya kwanza: tazama, piga picha, usiwashe

Kishawishi cha kwanza ni kuleta betri nzima na kupiga stata "tuone tu." Usithubutu. Gari lililolala miaka lina ringi kavu zilizoshikana na kuta za silinda, petroli iliyogeuka kuwa kama vanishi, pengine na kiota cha panya kwenye bomba la hewa. Dakika moja ya stata inaweza kukwaruza silinda au kupinda pushirodi (fimbo inayosukuma vali) kwa sababu ya vali iliyoganda.

Badala yake, chukua kamera. Piga kila upande, kila kona ya boneti, kila njia ya waya na kila mpira unavyopita. Picha mia mbili si nyingi. Baada ya miezi mitano, picha ya springi ndogo ya kabureta na tundu iliyoingia ndani yake itakuokoa siku nzima.

Kisha ingia chini na tochi na bisibisi kuukuu. Gonga na dunga polepole: sakafu chini ya mazulia, mabomba ya pembeni chini ya milango, sehemu springi zinaposhikizwa, na mahali jeki inapokaa. Chuma kizima hulia. Kilichooza hutoa sauti ya kufa, na bisibisi huzama. Kama bodi ni ya chuma, tembeza sumaku ndogo juu yake. Inapokataa kushika, hapo chini ya rangi kuna puti nene au faiba.

Jua pia gari lako limejengwa vipi, kwa sababu kutu ya aina moja ni kero kwenye gari moja na ni hatari kwenye jingine. Land Rover za Series zina bodi ya alumini juu ya chesisi ya chuma. Bodi inaweza kuonekana nzuri ilhali chesisi imeoza kutokea ndani, na pale alumini inapogusana na chuma huota unga mweupe. Morris Minor ya saluni na Peugeot 404 ya saluni hazina chesisi ya kujitegemea. Bodi yenyewe ndiyo inayobeba, kwa hiyo mabomba ya pembeni yakioza gari linaweza kukunjika katikati. Volkswagen Beetle ina sakafu iliyofungwa kwa bolti chini ya bodi, na mifereji ya kupitisha joto pembeni ndiyo huanza kuliwa, nayo ni sehemu ya nguvu ya gari.

Ukimaliza ukaguzi, amua unataka nini: gari la kuendesha, au gari lililorudishwa lilivyotoka kiwandani? Mimi kwa gari la urithi sifikirii mara mbili. Rekebisha kinachohitaji kurekebishwa, acha kilichochakaa kwa kutumika. Usukani uliong'aa upande mmoja kwa mkono wa baba hauuzwi kwenye duka lolote la spea.

3. Mahali na vifaa

Unahitaji sakafu ngumu iliyo sawa, paa, na mlango wa kupitisha hewa. Udongo haufai, jeki huzama.

Jeki ni ya kuinulia tu. Kabla hujaweka hata mkono chini ya gari, liweke juu ya stendi za chuma zenye uwezo wa kubeba uzito wake, zuia kwa kabari matairi yaliyobaki chini, kisha lisukume kwa bega uone kama linatikisika. Usitumie matofali. Tofali hupasuka bila kutoa taarifa.

Kuhusu spana, tazama gari lilitoka wapi. Ya Kijerumani, Kifaransa na Kijapani karibu yote hutumia milimita. Ya Kiingereza na Kimarekani ya zamani hutumia inchi, na ya Kiingereza ya zamani zaidi yana nati za Whitworth, ambazo spana zake ni aina ya tatu kabisa. Spana ya milimita inayokaribia inchi itaingia, itageuka kidogo, halafu itavua pembe za nati na kukuachia duara. Nunua seti sahihi, na spana ya kupimia nguvu ya kukaza. Ongeza mita ya umeme, fila geji (vibati vyembamba vya kupimia nafasi ndogo), geji ya kupimia kompresheni (mgandamizo ndani ya silinda), mafuta ya kulainisha kutu, na kizima moto kilichojaa. Hicho cha mwisho kiwe karibu na mlango, mbali na gari, kwa sababu gari likishika moto hutaweza kulikaribia ukichukue.

Tafuta kitabu cha huduma cha modeli yako. Vipimo nitakavyotaja ni vya kawaida tu. Kitabu kikisema tofauti, fuata kitabu.

Mwisho, mifuko ya plastiki na kalamu ya wino usiofutika. Kila kinachotoka kinaingia mfukoni kikiwa na jina, na mfuko unaandikwa kwenye daftari. Bolti irudishe kwenye tundu lake mara utakapotoa kifaa, hata kwa mizunguko miwili tu. Ni hifadhi bora kuliko kopo lolote.

4. Kuamsha injini

Hapa ndipo uvumilivu unapolipa zaidi, kwa hiyo twende taratibu.

Puliza vumbi kuzunguka plagi, kisha zitoe zote na uzipange kwa namba za silinda. Zitazame. Ya kahawia hafifu ilikuwa na afya. Nyeusi yenye mafuta yaelekea ringi au gaidi za vali (mirija inayoongoza vali) zimechoka. Yenye kutu ina maana maji yaliingia.

Mimina kwenye kila silinda kijiko kimoja au viwili vya mafuta mepesi. Mafuta ya gia ya otomatiki yanafaa, au oili ya injini iliyochanganywa na mafuta ya taa. Acha siku mbili tatu. Kisha weka gia huru, shika bolti ya puli ya mbele kwa soketi na mkono mrefu, na jaribu kuizungusha injini kwa mkono, kuelekea upande inakozungukia. Ikisogea, hata nywele moja, umeshinda. Irudishe, isogeze tena, hivyo hivyo mpaka imalize mizunguko miwili kamili bila kukwama. Ikigoma kabisa usitumie nguvu: ongeza mafuta, subiri wiki, jaribu tena. Nimeona injini iliyogoma siku kumi ikaachia siku ya kumi na moja kwa sauti ndogo kama ya mtu kukohoa.

Kama injini yako ina mkanda wa raba wa taimingi badala ya cheni, ubadilishe kabla ya lolote. Raba huzeeka hata ikiwa imelala, na katika injini nyingi mkanda ukikatika pistoni na vali hugongana.

Sasa mwaga oili ya zamani na uitazame inavyotoka. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, ina maji. Gasketi ya hedi inashukiwa. Vumbi la chuma linalong'aa ni dalili ya beringi kuliwa. Ikiwa nyeusi tu, shukuru. Weka filta mpya na oili mpya. Injini nyingi za zamani ziliundwa kwa oili nzito kiasi, kama 20W-50, na kemshafti zake (mhimili unaofungua vali) huhitaji oili yenye zinki ya kutosha. Oili nyepesi za magari ya leo nyingi zimepunguziwa zinki hiyo. Plagi zikiwa bado nje, funga betri (soma kwanza sehemu ya 6 kuhusu nguzo na volti), kisha piga stata kwa sekunde chache chache mpaka taa ya oili izime au mshale wa geji upande. Bila kompresheni, stata haichoki na beringi hazibebi mzigo.

Pima kompresheni kabla ya kurudisha plagi. Namba yenyewe hainishughulishi sana. Ninachotazama ni tofauti kati ya silinda. Zikiwa karibu sawa, una injini. Moja ikiwa chini kwa zaidi ya asilimia 15 hivi, tia kijiko cha oili kwenye silinda hiyo upime tena. Ikipanda, tatizo ni ringi. Isipopanda, ni vali au gasketi. Hata hivyo usikimbilie kuifungua. Ringi zilizolala mara nyingine huachia zenyewe baada ya saa chache za kufanya kazi.

Mfumo wa maji: toa maji ya zamani, suuza rejeta na bloku kwa pande zote mbili, badilisha mipira yote na tomostati, kisha jaza maji yaliyochanganywa na kuleni ya kuzuia kutu. Magari yanayopozwa kwa hewa, kama Beetle, hayana haya yote. Badala yake kagua mkanda wa feni, na uhakikishe mabati yanayoongoza hewa kuzunguka injini yapo yote na hayana viota ndani. Watu huyatoa mabati hayo wakidhani ni urembo, kisha wanashangaa injini imechemka.

5. Petroli na kabureta

Harufu ya petroli iliyozeeka huijui mpaka uinuse: kali, ya rangi iliyochacha. Yote itoke. Tanki lenye kutu ndani litoe, litie maji ya sabuni na kipande cha cheni, ulitikise mpaka mikono iume. Usikaribishe moto. Tanki tupu ni hatari kuliko lililojaa, kwa sababu kinacholipuka ni mvuke, na mvuke hukaa ndani kwa muda mrefu sana. Mtu akikuambia atakulehemea tanki palepale, chukua tanki lako uondoke.

Badilisha mipira yote ya mafuta kwa ile inayostahimili petroli ya sasa yenye ethanoli, na ufunge filta inayoonekana ndani kati ya tanki na pampu. Wiki ya kwanza itajaa uchafu mara kadhaa. Pampu za mitambo zina utando wa raba ndani. Ukipasuka, petroli huteremka kwenye oili ya injini, kwa hiyo nunua seti ya matengenezo mapema.

Kabureta ni kifaa ambacho watu hukiogopa bure. Iwe SU, Solex, Weber au Zenith, ndani kuna bakuli, boya, sindano ya kufungia mafuta, na matundu madogo yaliyotobolewa kwa kipimo. Ifungue juu ya sinia jeupe, oshea kwa dawa ya kabureta, pulizia hewa. Usichokoe matundu kwa waya wa chuma, utayapanua. Uzi mmoja wa shaba kutoka kwenye waya laini wa umeme unatosha. Tikisa boya karibu na sikio: likicheza maji ndani limetoboka. Weka gasketi mpya, funga, acha.

Na ile hofu ya petroli isiyo na risasi? Petroli yenye risasi kwa magari ya barabarani ilikoma duniani mwaka 2021, nchi ya mwisho ikiwa Algeria, kwa hiyo huna uchaguzi. Injini zenye hedi ya chuma cha kusubu bila viti vigumu vya vali (mahali vali inapokalia ikifunga) zinaweza kuliwa taratibu, hasa zikikimbizwa kwa kasi muda mrefu. Pima nafasi ya vali kila baada ya kilomita elfu chache. Ikiendelea kupungua kwenye vali za moshi, viti vinaliwa, na siku utakapofungua hedi utaweka viti vigumu. Hedi za alumini tayari huwa na viti vya chuma vilivyopachikwa.

6. Umeme

Kabla ya kufunga betri, jua nguzo ipi inashikwa na bodi. Magari mengi ya Kiingereza mpaka miaka ya 1960 yalikuwa na chanya kwenye bodi, kinyume na ilivyozoeleka. Na si yote ni ya volti 12. Beetle za mwanzo zilikuwa za volti 6. Ukikosea hapa utaunguza kitu.

Mengi ya magari ya aina hii yalitoka na fyuzi chache tu kwa gari zima, na waya zenye raba iliyokauka. Gusa waya upinde. Gamba likipasuka na kudondoka, waya huo haufai kupelekwa umeme. Badilisha mmoja mmoja kwa rangi ileile ya asili. Funga pia swichi kubwa ya kukatia betri, na uizoee.

Matatizo mengi ya umeme huwa ni arthi, yaani njia ya umeme kurudi kupitia bodi. Taa inayofifia, indiketa inayowasha taa ya breki, stata inayolalamika: kwanza fungua kila mahali waya wa arthi unaposhika bodi, kwangua mpaka chuma king'ae, paka grisi, kaza. Fanya hivyo kabla hujamwita fundi umeme.

Kwenye distribyuta, kinachogawa umeme kwa plagi, safisha pointi (vigusio vilivyo ndani yake) kwa msasa laini na uweke nafasi yake kwa fila geji. Mara nyingi ni karibu milimita 0.4. Plagi mpya ziweke kwa milimita 0.6 au 0.7. Kondensa badilisha tu, ni kitu kidogo chenye uwezo mkubwa wa kukupotezea wikendi.

Sasa washa. Gari liwe nje au mlango uwe wazi kabisa, kizima moto kikiwa karibu, na mtu wa pili akitazama chini kama kuna kinachovuja. Ikiwaka, macho yaende kwenye geji ya oili. Sekunde kumi bila presha, zima. Moshi mwingi wa mwanzo ni yale mafuta uliyomimina kwenye silinda, yape dakika. Na kama kuna mzee ndani ya nyumba aliyezoea mlio huo, mwite kabla hujazungusha ufunguo.

7. Breki: hapa hakuna kubana matumizi

Injini ikishaimba, kila mtu atataka kulizungusha gari uwanjani. Kataa. Gari la umri huu mara nyingi lina mfumo mmoja tu wa breki: mpira mmoja ukipasuka, magurudumu yote manne hayana breki ya mguu.

Chukulia kwamba kila raba kwenye mfumo huo imekufa. Mipira ya breki huvimba kutokea ndani huku nje ikionekana nzuri. Ikivimba, mafuta hupita ukikanyaga lakini hayarudi ukiachia, na gurudumu hubaki limeshikwa. Badilisha mipira yote, raba za masta silinda (ile inayosukumwa na pedali) na za silinda za magurudumu. Silinda yenye vishimo vya kutu ndani haisafishwi, inanunuliwa mpya. Mabomba ya chuma yenye kutu yabadilishe pia.

Unapofungua dramu, usipulize vumbi lile. Breki na klachi za zamani zilikuwa na asbesto, na ukiivuta haitoki tena kifuani. Lowanisha kwa maji ya sabuni, futa kwa kitambaa, kitambaa kiingie kwenye mfuko na kufungwa.

Mafuta ya breki hunyonya maji kutoka hewani, ndiyo maana ya zamani huwa yamechafuka na huchemka mapema kwenye mteremko. Mwaga yote, tumia DOT 3 au DOT 4 kama kitabu kinavyosema, kutoka kwenye kopo ambalo halijafunguliwa. DOT 5 ni ya silikoni na haichanganywi na hizo. Citroën DS za baadaye hutumia mafuta ya madini ya kijani yaitwayo LHM. Ukitia ya kawaida unaharibu raba zote. Toa upepo ukianzia gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda, msaidizi akikanyaga na kushikilia, wewe ukifungua skrubu ndogo ya kutolea upepo kwenye gurudumu na kuifunga kabla hajaachia. Pedali iwe ngumu na isizame ukiikanyagia kwa dakika nzima. Tone likidondokea kwenye rangi, lioshe papo hapo kwa maji.

Ukiwa huko chini, jaza grisi mpya kwenye beringi za magurudumu na kagua bol jointi. Kwenye giaboksi usitie oili ya GL-5 kama kitabu kimesema GL-4. Baadhi ya GL-5 hushambulia vipande vya shaba na mchanganyiko wake vilivyomo. Matairi soma tarehe yake: tarakimu nne za mwisho kwenye ubavu ni wiki na mwaka, 1223 ikiwa wiki ya 12 ya 2023. Kukiwa na tatu tu, tairi ni la kabla ya mwaka 2000, hata kama kashata zake bado ndefu. Litupe.

8. Kutu na bodi

Sasa gari linajiendesha polepole ndani ya uwanja na linasimama. Kuanzia hapa hata ukikwama mwaka mzima, una gari.

Kutu inayoanzia ndani haiponi kwa kufunikwa. Kata mpaka ufikie chuma kinachong'aa, lehemu bati jipya la unene uleule, na puti iwe ya kusawazisha tu. Kabla ya kukata mabomba ya pembeni ya gari lisilo na chesisi, lehemu vyuma vya kushikilia uwazi wa milango. Bila hivyo bodi itajipinda kidogo na milango haitafunga tena maishani. Chomoa betri, toa tanki, toa mazulia. Kama hujawahi kulehemu bati jembamba, hii si kazi ya kujifunzia. Mpe fundi bodi unayemwamini na ukae naye.

Vipande vidogo, kama mabano na bawaba, visafishe kwa umeme. Chukua beseni la plastiki, maji yenye magadi ya kufulia, na chaja ya betri. Hasi kwenye kipande chenye kutu, chanya kwenye chuma chakavu cha kawaida, visigusane. Usitumie chuma kisichoshika kutu upande wa chanya. Hutoa sumu ya kromiamu kwenye maji. Fanya nje, maana gesi inayotoka ni hidrojeni.

Rangi za zamani mara nyingi zina risasi, kwa hiyo piga msasa wa maji ukiwa umevaa barakoa. Juu ya chuma kitupu paka praima ya epoksi, kwani praima za kawaida hupitisha unyevu na kutu hurudi. Rangi zenye kigumu cha aisosayaneti zinahitaji chumba na barakoa ya kulishwa hewa, si kitambaa puani. Mwachie fundi rangi. Ndani ya mabomba na milango nyunyiza nta ya kuzuia kutu baada ya rangi kukauka.

Viti na dashibodi safisha kwanza kabla ya kufikiria kushona upya. Toa kiti cha nyuma taratibu na upitishe mkono kwenye mifereji yake. Kuna stakabadhi, sarafu, pini za nywele, pengine barua. Vitakavyotoka viweke kwenye bahasha ndani ya daftari.

9. Barabarani

Safari ya kwanza iwe ya kilomita moja au mbili, asubuhi, na gari jingine likifuata nyuma. Jaribu breki mara tano kabla ya kuhitaji kuzitumia. Rudi, gusa kila rimu kwa mkono: moja ikiwa ya moto kuliko zingine, breki yake inashika. Tazama chini kama kuna matone. Baada ya kilomita 50 kaza tena nati za magurudumu. Baada ya 500 mwaga oili hata kama inaonekana safi, pima upya nafasi za vali, na kama ulifungua hedi, kaza bolti zake kwa kipimo na mpangilio wa kitabu.

Kisha fungua daftari. Andika tarehe, kilomita zilizo kwenye dashibodi, na jina la aliyekuwa kwenye kiti cha abiria.